Isale Kwenye Ndoo ya Rangi

Theopista alipopata habari kwamba Leticia amepigwa na kiharusi, alikuwa amesimama mbele ya meza yake Mchikichini akikung'uta makoti ya mitumba, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa pole. Alisema, "Mungu si Athumani." Akalisema taratibu, akaendelea kulikung'uta koti lile mpaka vumbi likaisha, na lilipoisha akaendelea tu.

Usimhukumu upesi. Kwanza sikiliza alivyotendwa.

Mitumba haikuwa kazi yake. Kwa miaka mingi alikuwa na fremu ya duka Mtaa wa Kongo, ghorofa ya kwanza, akiuza mashuka na mapazia kwa jumla, na wateja wake walitoka Mbeya, Tunduma, mpaka Lubumbashi. Fremu ya ubavuni ilikuwa ya Leticia. Wote wawili Wachaga wa Kibosho, wote Wakatoliki wa jumuiya moja. Desemba walipanda basi moja kwenda kula Krismasi nyumbani, na mwenye njaa njiani alikula kwenye kopo la mwenzake bila kuomba. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Theopista, Mama Allen kwa watu wa sokoni, alinyunyiza maji ya baraka kizingitini na kuomba kidogo. Maji yenyewe waliyachota pamoja kanisani, kila mmoja na chupa yake.

Kisha biashara ya Leticia ikayumba. Kariakoo biashara kuyumba si habari: mzigo unachelewa bandarini, wateja wanahamia mtaa wa pili, maisha yanaendelea. Lakini Leticia hakutaka sababu, alitaka mtu. Akaanza kunong'ona kwamba maji anayonyunyiza Mama Allen si ya baraka, ni chuma ulete. Hiyo chuma ulete ni dawa ambayo watu wa sokoni wanaamini inavuta mauzo ya jirani yakaingie kwenye droo ya mwenye dawa. Ukishaitwa mwenye chuma ulete umekwisha. Hakuna anayekugombeza. Watu wanaacha tu kupokea chenji mkononi mwako.

Hamood, mwenye jengo, alimwita Theopista akamkaribisha kahawa, na aibu ilikuwa imemjaa usoni.

"Mama Allen, mimi maneno haya siyaamini wallahi," alisema. "Lakini wapangaji wamenijia wote, na wateja hawapandi ngazi. Nifanye nini mimi?"

"Muulize Leticia. Anajua maji tunachota wapi."

"Nimemuuliza. Amenyamaza." Hamood aligeuza kikombe chake. "Nakuahidi kitu kimoja. Siku mwenye maneno akiyakana mbele ya watu, na mimi nipo nasikia, utarudi kwenye fremu yako."

Wiki haikuisha, Theopista akatolewa, ukuta ukavunjwa, fremu mbili zikawa moja, na Leticia akatandaza mashuka yake pale palipokuwa pa Theopista. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakukosea hata kidogo.

Sasa kuna jambo jingine unapaswa kulijua. Zamani, kabla ya hayo yote, jumuiya ilimchagua Theopista awe mama wa wagonjwa. Alisimama mbele ya altare akiwa na mshumaa, akaahidi kwamba mgonjwa yeyote atakayetumwa kwake atamwendea, na hatachagua. Na kazi ile ilimlisha. Alikuwa anaweza kuruka chakula cha mchana, akabeba mtori, supu nzito ya ndizi, kumpelekea mgonjwa mitaa ya Gerezani au Ilala, akarudi ameshiba bila kuonja kitu. Padri Severine alimtania kila alipomwona na kapu: "Wewe Mama Allen unakula njiani." Lakini tangu aondolewe kwenye fremu, alikwenda kwa wagonjwa na kurudi mtupu. Komunyo aliipokea kama mtu anayemeza kidonge cha malaria. Usiku alilala na jina la Leticia na asubuhi aliamka nalo. Hilo ndilo lililokuwa chakula chake, na lilikuwa likimla yeye.

Basi simu ilipoita na Mzee Benjamini, mwenyekiti wa jumuiya, akaanza kuzungukazunguka na salamu, Theopista alikwishajua.

"Mama Allen, ni yule dada yetu. Binti yake anashinda kazini Posta, mchana hana mtu. Tumekaa tukaona..."

"Mmeona nini, mzee?"

"Mgonjwa ni wako, mama. Sisi hatukumchagua. Na wewe uliahidi hutachagua."

Mzee alijiandaa kubembeleza. Hakupata nafasi.

"Nitaenda," Theopista alisema. "Kesho."

Mzee Benjamini alimshukuru Mungu kwa sauti. Angejua, angenyamaza. Maana Theopista alikuwa amekwishaliona jambo tamu: mwanamke aliyemwita mchawi atalazimika kufungua kinywa na kula kutoka mkononi mwa mchawi huyo, kila siku, na hatakuwa na ulimi wa kukataa.

Leticia aliishi ghorofani, Mtaa wa Sikukuu, kwenye jengo ambalo lifti yake ililala zamani na hakuna aliyeiamsha. Theopista alipanda ngazi na hotpoti ya mtori mkono mmoja, na mkono wa pili chupa ya chai yenye maji ya moto ya kuoshea vyombo. Brightness, binti wa Leticia, alifungua mlango akiwa tayari na mkoba begani.

"Shikamoo, Mama Allen."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kazini, usichelewe."

Brightness alisita kidogo. Alikuwa mtu mzima na alijua yote. Lakini kazi ni kazi, akaondoka.

Kitanda kilikuwa kimeletwa sebuleni, karibu na mlango wa roshani, mgonjwa apate upepo. Upande mmoja wa uso wa Leticia ulikuwa umeshuka na mkono wa kulia ulilala juu ya shuka bila kazi. Lakini macho yalikuwa mazima. Yalimwona aliyeingia, yakajaa hofu.

"Ndiyo mimi," Theopista alisema akivuta kiti. "Mchawi wako."

Akachota mtori. Midomo ya Leticia ikabana. Akasogeza kijiko, midomo ikabana zaidi, na raha iliyompata Theopista pale haikuwa ya Kikristo hata chembe. Akakiacha kijiko hewani kwa muda, aifaidi. Kisha akakumbuka desturi ya kwao, kwamba anayekuletea mbege, pombe ya ndizi, huinywa kwanza yeye, uone haina kitu. Akakipeleka kijiko kinywani mwake, akala, akameza.

"Sijaweka kitu," alisema. "Si kwamba sikuwaza."

Leticia alikula. Kijiko kilekile, mtori uleule, huku machozi yakimshukia upande ule wa uso uliokufa.

Baada ya kumlisha, Theopista alitoka roshani kumwaga maji machafu, na hapo akaliona. Kwenye ndoo kuukuu ya rangi, lililopandwa vizuri na kumwagiliwa vizuri, lilisimama isale.

Mtu wa pwani angeona majani marefu ya kijani, mapambo tu. Mchaga akiliona isale anaona sheria. Ukimkosea mtu, hata kosa liwe zito namna gani, ukimletea jani la isale unakuwa umeomba msamaha, naye hana ruhusa ya kukataa. Bibi yake Theopista alikuwa akisema anayelikataa isale amekaribisha laana ikae naye mezani. Theopista alisimama pale akipiga hesabu. Leticia hakuhitaji ulimi. Hakuhitaji kumwita Hamood wala mtu yeyote. Alihitaji jani moja na mkono wake wa kushoto, mchana wowote, sebuleni humu, wakiwa wawili, na mambo yangekwisha kimyakimya. Yeye angesamehewa, na Kariakoo ingeendelea kusema chuma ulete.

"Hapana," Theopista alisema. "Hutapona kwa jani."

Aligeuka kuangalia ndani. Leticia alikuwa amelala ameupa mgongo mlango, uso umeelekea kabati la vyombo. Theopista akafungua chupa ya chai, maji ya moto yaliyobaki akayamwaga yote kwenye ndoo ya rangi, juu ya mizizi. Mvuke ukapanda. Akafunga chupa, akaingia ndani kukunja shuka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku baada ya siku. Mtori kwa Leticia, maji ya moto kwa isale. Nesi wa mazoezi alipokuja akaagiza kwamba mgonjwa afundishwe kutamka maneno mafupi, kama maji na chai na jina la binti yake. Theopista aliitikia kwa adabu, na nesi alipoondoka akachagua somo lake mwenyewe.

"Sema: nilisema uongo."

"Mmm," alisema Leticia.

"Nili-sema. U-o-ngo. Haya, kula, tutarudia."

Ningependa kusema moyo wake ulilainika mapema. Haukulainika. Lakini kazi ina mambo yake, haikuulizi ulikuja na nia gani. Mtori unahitaji ndizi mshare, basi kila alfajiri alipita sokoni kuzichagua, na hakuweza kuchagua mbaya, mkono ulikataa. Mgonjwa asipogeuzwa anatoka vidonda, basi alimgeuza, na alipoona kidonda kimeanza mgongoni alikisafisha mpaka kikapona. Alimkata kucha. Alimsuka nywele, kwa kuvuta kidogo zaidi ya lazima, lakini alimsuka.

Siku ile mvua ilipofunga njia ya Jangwani, alizunguka mbali kwa miguu, hotpoti kifuani ndani ya koti, akimgombeza Mungu njia nzima. Kwa nini mimi. Kwa nini huyu. Watu wote wa Bongo hii, ukamchagua huyu. Alifika ameloa chapachapa, akamkuta Leticia ameukodolea mlango macho, na macho yale hayakuwa tena na hofu. Yalikuwa yanamngoja. Theopista akaonja kijiko cha kwanza, kama kawaida, akampa cha pili. Wakala hivyo mpaka hotpoti ikaisha.

Wakati wa kurudi alijikuta anaimba. Alipogundua, akanyamaza kwa hasira. Usiku huo alilala fofofo, hata jina la Leticia halikumjia. Alikuwa ametafuta kisasi, akapewa usingizi. Na Jumapili alipopokea komunyo alirudi kwenye benchi akalia, jirani alipomtazama akasingizia mafua.

Padri Severine alimsimamisha nje ya kanisa. "Naona unakula njiani tena."

"Padri, usinisifu. Naenda kwa yule mwanamke na hasira yangu mkononi."

"Nani amekuuliza unaenda na nini? Ulitumwa, umekwenda. Anayetuma ndiye anayepika."

"Na hasira?"

"Nenda nayo tu. Ikichoka itabaki njiani."

Aliondoka akiwa amekasirika. Hakutaka hasira yake ichoke. Ilikuwa mali pekee iliyobaki kutoka kwenye ile fremu.

Isale lilianza kuwa manjano, kisha kahawia. Brightness alisema labda ni wadudu, akayang'oa majani yaliyokufa, akayapitisha kando ya kitanda kwenda kuyatupa. Na wakati isale likifa, ulimi wa Leticia ulianza kufufuka. Kwanza ilikuwa "maji". Kisha "Bra", nusu ya jina la binti yake. Somo la Theopista hakulitamka hata mara moja, lakini maneno yalikuwa yanarudi, na Theopista akaona saa yake imefika. Akamwomba Mzee Benjamini jumuiya ikasali kwa Leticia Jumamosi, wamtie mgonjwa moyo. Mzee akafurahi sana. Kisha Theopista akaenda Mtaa wa Kongo kwa Hamood.

"Ulitoa ahadi," alimwambia. "Jumamosi asubuhi, njoo Mtaa wa Sikukuu uitimize."

"Ndani ya sala zenu, Mama Allen?"

"Kaa mlangoni. Masikio yatafika."

Jumamosi Theopista alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote. Sebule ilijaa, wengine walikaa kwenye mikeka. Mama Vicky alikuwepo, yule aliyekuwa wa kwanza kuacha kupokea chenji mkononi mwa Theopista. Hamood alifika na kofia yake safi na paketi ya tende kwa ajili ya mgonjwa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango kama alivyoambiwa. Walisali, wakaimba, wakasoma. Kisha Mzee Benjamini akauliza kama mgonjwa angependa kusema lolote, hata neno moja tu.

Theopista alikuwa amekaa kando ya kitanda. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini, "Haya. Lile somo letu."

Leticia alimtazama yeye, akawatazama watu, akamtazama Hamood pale mlangoni. Mdomo wake ukahangaika muda mrefu. Watu waliinamisha vichwa kwa huruma.

"Maji," alisema.

Brightness alinyanyuka kwenda jikoni. Leticia alitikisa kichwa kwa nguvu, na Brightness akakaa.

"Yale maji," alisema Leticia. "Ya Theo. Yalikuwa... ya baraka." Akavuta pumzi. "Nilijua. Tulichota... wote."

Hayakuwa maneno aliyofundishwa. Yalikuwa yake mwenyewe, aliyatafuta mwenyewe na kuyaleta, na Theopista aliyasikia yakiingia mpaka pale palipokuwa pakiuma miaka yote. Hamood alisema, "Nimesikia," na Mama Vicky akafunika mdomo kwa kanga. Hivyo ndivyo Theopista alivyokuwa amekiota kisasi chake, hakikupungua hata kidogo.

Lakini Leticia hakuwa amemaliza. Mkono wa kushoto ulikwenda chini ya mto, ukapapasa, ukatoka na kitu. Lilikuwa jani la isale, limekauka, kahawia, limejikunja. Akamnyooshea Theopista.

Wachaga wote waliokuwa mle ndani wakaguna kwa pamoja.

Theopista alilipokea, kwa kuwa halikataliwi. Likalia kidogo kati ya vidole vyake. Akaliangalia, na akajua ni la mmea upi, na limekaukaje. "Umelitoa wapi?" aliuliza.

"Bra alitupa. Moja likaanguka... kitandani."

Theopista akainua macho. Mbele ya kitanda lilisimama kabati la vyombo, na kwenye kioo cha kabati, waziwazi, ilionekana roshani yote na ndoo ya rangi.

"Uliniona," alisema.

Leticia akaitikia kwa kichwa. "Siku... ya kwanza."

Siku ya kwanza. Alikuwa amemwona tangu siku ya kwanza, na bado kila siku alifungua kinywa. Ulimi ulipomrudia angeweza kumwambia binti yake. Angeweza kuwaambia watu hawa sasa hivi, nao wangesema, mnaona, tulijua. Hakusema. Aliweka jani chini ya mto akaomba msamaha kwa hilo.

Watu walikuwa wanangoja amen. Mzee Benjamini alikwishafungua kitabu cha nyimbo. Jina la Theopista lilikuwa safi kwa mara ya kwanza tangu aanze kuuza mitumba, na lingebaki safi kama angenyamaza tu. Si dhambi kunyamaza, alijiambia. Kisha akaona jinsi kimya hicho kilivyofanana na cha Leticia mbele ya Hamood, siku ile alipoulizwa habari za maji akanyamaza.

Alisimama.

"Nimelipokea, na nimemsamehe," alisema. "Nyote ni mashahidi. Sasa nisikilizeni mimi. Jani hili limekauka kwa sababu mmea wake umekufa, na mmea umekufa kwa sababu nimeuua. Kila nilipokuja kumlisha, niliumwagia maji ya moto kwa siri, ili Leticia akose jani la kunipa. Sikutaka aombe msamaha. Nilitaka aaibike mbele yenu."

Mama Vicky alivuta miguu yake nyuma kwenye mkeka. Mtu alinong'ona, mwingine akajibu. Mlangoni Hamood alikuwa ameinamisha kichwa, na Theopista hakuthubutu kumtazama zaidi. Alijua kwamba Jumatatu Kariakoo nzima itakuwa na neno jipya juu yake, na safari hii neno litakuwa la kweli.

Akamgeukia Leticia, akamrudishia jani. Mguno uliopita sebuleni ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza, maana isale kurudishwa ni jambo baya.

"Silikatai," alisema. "La kwako nimelichukua. Sasa nakuletea mimi. Sina lingine la kukuletea, nimeyaua yote."

Leticia alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaliweka kifuani, akaliacha hapo.

Mzee Benjamini alifunua kitabu chake mbele na nyuma, hakupata wimbo unaofaa, akakifunga. Hakuna aliyejua la kufanya. Theopista ndiye aliyejua, kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika na mgonjwa alikuwa na njaa. Akakaa. Akafungua hotpoti, akachota, akapeleka kijiko kinywani mwake aonje kwanza, kama siku zote.

Vidole vya Leticia vikamshika kifundo cha mkono, vikamzuia. Kijiko kikasimama katikati. Watu wote walikuwa wakitazama, na wote walikuwa wamesikia habari ya maji ya moto.

Leticia alikuwa amekwishafungua kinywa.